Mara Nne Nimeiuza Kamera Yangu

Kamera yangu nimeiuza mara nne kwa mama mmoja, na mara tatu nimeinunua tena kwake. Watu wa Ujiji wanaonijua wananicheka. Mume wangu anasema siku nikifa atampelekea yule mama na sanduku langu la nguo, maana mteja wangu tayari tunamjua. Mimi sikuwa nikicheka sana. Kila nilipoitoa mkononi nilijua huenda ndiyo basi, kwa sababu yule mama hakuwahi kuniahidi kwamba ataniuzia tena, na bila kamera mimi ni mwanamke wa kawaida mwenye baibui na maneno mengi.

Kazi yangu ni kupiga picha harusini, upande wa wanawake. Wapiga picha wanaume Ujiji wapo, tena wazuri, lakini mwisho wao ni barazani kwa bwana harusi na masheikh. Ndani anakopambwa bibi harusi, ambako mashangazi wanavua baibui na kucheza mpaka jasho linawachuruzika, hawaingii. Naingia mimi. Ndiyo maana kadi za kamera yangu hazilali popote ila kwangu. Humo mna nyuso za wake za watu, nywele wazi, mabega wazi, na picha zake nazichapa mwenyewe na kumkabidhi mama mzaa bibi harusi mkononi. Nikiuza kamera nauza kamera tu. Kadi naitoa, naifunga kwenye pindo la kanga.

Kamera yenyewe niliipata ikiwa imeshatumika na watu wengine, ikaletwa kutoka Dar es Salaam kwa treni ndani ya furushi la mashuka. Ni nzito, ina lenzi ndefu, na mbele ya lenzi kuna kioo cheusi kilichoshikwa na pete. Pete ukiizungusha kidogo, mng'aro wa kitu unachokitazama unapungua. Nilikiweka kwa ajili ya mapaji ya nyuso. Bibi harusi akishapakwa poda na mafuta, paji lake hung'aa kama bati jipya, na kile kioo kilikuwa kinanisaidia. Zaidi ya hapo sikuwahi kukifikiria.

Mara ya kwanza, kilichonifanya niuze ni ziwa lenyewe. Studio yangu ilikuwa chini karibu na ufuko, chumba kimoja chenye pazia la bluu la picha za pasipoti na kiti cha plastiki. Maji ya Tanganyika yalikuwa yakipanda msimu hadi msimu. Tulisikia nyumba za wenzetu zimeingiliwa, tukasema pole, tukaendelea na shughuli zetu. Asubuhi moja nikafungua mlango nikakuta ziwa limo ndani. Halikuvunja kitu wala halikuwa na wimbi. Limekaa tu, limefika kwenye miguu ya kiti, na maji ni safi kiasi kwamba niliiona sakafuni pini ya ushungi niliyoipoteza wiki ile. Visamaki vitatu vilikuwa vinazunguka chini ya pazia la bluu.

Nilitakiwa kulia. Badala yake nilisimama mlangoni na funguo mkononi nikitazama samaki studioni kwangu, na kilichonijia kilikuwa karibu na heshima. Baadaye nililia pia, nikagombana na mwenye nyumba, nikamlaumu fundi aliyekijenga chumba, nikamlaumu hata mume wangu ambaye hakuhusika. Kisha nikaanza kutafuta chumba huko juu karibu na barabara, na chumba cha juu kilitaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Sikuwa na kitu cha thamani ila kamera.

Nikaambiwa Katonga kuna mama mwenye pesa. Katonga ni kijiji cha wavuvi, ukishaipita Bangwe, na huyo mama ananunua dagaa na samaki wakubwa kwenye mitumbwi, anakausha, anauza mpaka Tabora. Nilimkuta ufukoni anageuza dagaa kwenye mchanga kwa ufagio. Mjane, mfupi, mwenye wanja uliokolea na sauti ya kukemea hata anapokukaribisha. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba bila kuuacha ufagio.

Nilimweleza shida yangu na kumwomba tufanye rahani: yeye anikopeshe, mimi nimwachie kamera, nikirudi nimlipe na kitu kidogo juu yake. Pale ndipo aliposimama wima.

“Riba siiingizi nyumbani kwangu,” akasema. “Nikinunua nimenunua. Siku ukiwa na pesa uje uulize kama mtu yeyote. Huenda nikauza, huenda nisiuze.”

Mwenye shida hachagui. Nikaitoa kadi, akauliza ni nini hicho ninachokificha, nikamwambia ni sura za watu, akatikisa kichwa na hakuuliza tena. Kisha akaichukua kamera yangu, kamera ambayo mimi huifunga kwa kitambaa laini kama kichanga, akaiweka ndani ya beseni lenye magamba ya samaki na kuifunika kwa kanga mbichi. Njia nzima ya kurudi Ujiji nilimwambia dereva wa bodaboda aendeshe polepole ingawa sikuwa nimebeba kitu tena.

Baada ya miezi miwili nilirudi na pesa. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Nilijua mfanyabiashara yeyote akikuona umerudi mbio kwa kitu chako atapandisha bei mpaka utoe machozi, na nilikuwa nimeongeza akiba kwa ajili hiyo. Yule mama aliingia ndani, akakaa huko muda mrefu kuliko inavyomchukua mtu kutoa kitu kabatini, akatoka nayo na kutaja bei ile ile aliyoinunulia. Hakuongeza hata senti. Nikadhani ama ni mcha Mungu sana ama biashara ya vitu visivyo na mkia haijui.

Nyumbani niliikagua. Ilinuka dagaa. Betri ilikuwa imejaa kama nilivyoiacha, kwa hiyo nikasema ilikaa kabatini tu pamoja na vikombe vya wageni. Lakini kwenye mpira wa kile kitundu cha kutazamia, pale unapoegesha jicho, kulikuwa na weusi. Nikausugua kwa kidole. Wanja. Nikacheka peke yangu, nikaufuta, nikaenda harusini.

Mara ya pili ni pale serikali ilipoanza kulifunga ziwa miezi mitatu ili samaki wazaane. Mtu asiye wa huku anaweza kudhani jambo hilo ni la wavuvi. Kigoma yote inakula kupitia ziwa, hata asiyejua kuogelea. Mitumbwi ikipandishwa nchi kavu, muuza vitenge hauzi, mama ntilie anapunguza sufuria, na harusi zote zinasogezwa mbele mpaka ziwa lifunguliwe, kwa sababu hakuna mzee atakayemtoa binti yake kwa wali mkavu. Wenye pesa wakati huo ni wale waliojaza magunia ya dagaa mapema. Yule mama wa Katonga alikuwa na chumba kizima.

Niliuza, bei ile ile. Miezi mitatu nikakaa nyumbani kama mtu aliyekatwa mkono, nikiangalia watu wakipita na kuwapiga picha kwa macho. Ziwa lilipofunguliwa nikanunua, bei ile ile. Safari hii wanja ulikuwa umeingia mpaka kwenye mikunjo ya mpira, mpira umechanika upande mmoja, mkanda una ukungu wa kijani wa mawe ya majini. Betri imejaa, haijaguswa. Nikakasirika. Mtu ananunua kamera, hapigi hata picha moja, lakini anaichakaza. Mume wangu akasema bila shaka yule mama anachungulia wanaume wa Kongo ng'ambo ya ziwa. Nilikuwa na maswali mengi lakini niliyameza, kwa maana nilijua mwaka unaofuata nitamrudia, na nikimuudhi ataweza kusema siuzi.

Mara ya tatu ndiyo ninayotaka kuieleza vizuri.

Mwaka uliofuata ziwa lilikuwa limefungwa tena, tuko mwezi wa pili wa kufungwa, na kamera nilikuwa nimeshaiuza Katonga. Familia moja ya Ujiji ikapata harusi ya haraka: bwana harusi anafanya kazi mbali, likizo yake fupi, wao hawawezi kusubiri samaki. Walikuwa na uwezo. Wakanipa arubuni nzuri, ikatosha kuinunua kamera siku ile ile, na mama mzaa bibi harusi akanishika mkono akasema ndani kwake haingii mtu mwingine ila mimi. Kwa mtu aliyekaa mwezi mzima anakula ugali na matembele, maneno yale yalikuwa asali. Harusi ilikuwa keshokutwa yake.

Nilifika Katonga asubuhi, jua limeshavivuka vilima vya nyuma. Mkwe wa yule mama alikuwa anafagia uwanja. Tukaamkiana kwa Kiha, “mwakeye”, na nilipomuuliza mama yuko wapi, akanielekeza kwa kidevu kwenye miamba upande wa Bangwe, na kwa jinsi alivyofanya niliona kwamba nyumba ile imeshachoka na jambo hilo. Nikashika njia ya mawe. Nikamwona kutoka mbali, nikadhani ameanguka. Alikuwa amelala kifudifudi juu ya jiwe kubwa linaloingia majini, kanga imemfunika kichwa na mabega, visigino juu, na kutoka ndani ya kanga ile imechomoza lenzi yangu.

Nilianza kukimbia.

“Vua viatu,” akasema bila kugeuka. “Unatikisa jiwe.”

Nikavua. Nikamwambia shikamoo mama, nina shida kidogo. Hakuitikia. Alinyoosha mkono nyuma akaupapasa mwamba pembeni yake, maana yake nilale. Mimi na baibui langu la kutokea. Nikamwambia sikuja kulala, nimekuja kwa shughuli. Akasema, “Mtaka cha mvunguni sharti ainame,” nikaona kwamba bila kulala pale sitasikilizwa, nikalala. Akanivisha mkanda shingoni taratibu, akanisukumia kamera usoni.

Sikuona kitu. Niliona mbingu iliyoangukia majini, weupe mtupu, unaumiza jicho. Nikamwambia sioni. Kidole chake kikaja mbele ya lenzi, kikaizungusha pete.

Mbingu ikaondoka juu ya maji.

Sijui niseme vipi. Nimezaliwa kwenye ziwa hili, nimelioga, nimelinywa, limeniingilia studio. Sikuwahi kuiona sakafu yake. Sasa niliona mawe yaliyolala chini, kila moja na kivuli chake, na kati ya mawe kipande cha mchanga mweupe kama mkeka wa watu wanne, kina kama urefu wa mtu na nusu kwenda chini. Juu ya mchanga kulikuwa na vumbi. Lilikuwa vumbi la ajabu, halitulii wala halitawanyiki, limekaa pamoja na kujisogeza pamoja. Nikazungusha lenzi kulisogeza karibu, na vumbi lile likawa na macho. Watoto wa samaki, mamia, pengine maelfu, wadogo kuliko punje ya mchele, wote wameelekea upande mmoja.

Juu yao alisimama kuhe.

Kuhe namjua kama kila mtu wa Kigoma anavyomjua: kwenye sahani, na ndimu. Sikujua kwamba ana namna ya kusimama. Alikuwa mrefu kama mkono wangu mpaka begani, wa manjano, na mapezi yake yalikuwa yanatikisika kwa kiasi kile tu cha kumfanya asisogee. Mwingine, dume lake, alikuwa anazunguka ukingo wa mchanga kama mlinzi wa soko. Kisamaki chenye mistari kikajitokeza nyuma ya jiwe, dume likakifuata kwa kasi ambayo jicho langu halikuiweza, likarudi mahali pake. Kisha ndege akapita juu, kivuli chake kikagusa maji. Watoto wote wakashuka kwa pamoja mchangani wakapotea, na mama akashuka juu yao akatandaza mapezi. Kivuli kikapita. Akapanda kidogo. Wakapanda.

Nilisikia mtu anasema subhanallah, subhanallah, na nilikuwa mimi.

Sijui nilikaa muda gani. Yule mama alianza kuzungumza kwa sauti ya chini ambayo sikujua kwamba anayo. Alinieleza kwamba ile mara ya kwanza hakujua kitu hiki kinafanya nini bila ile kadi niliyoitoa, akadhani nimemuuzia kitu kilichokufa. Siku moja akaegesha jicho tu, akiwa ufukoni, akaona mitumbwi imekuja karibu. Akazungusha kila kilichokuwa kinazunguka, mpaka akafika kwenye ile pete ya mbele, na maji aliyokuwa akiyakanyaga tangu utotoni yakawa na chini. Tangu siku hiyo akawa anakuja miambani. Kubonyeza hakujawahi kumwingia akilini. Wale kuhe aliwaona mara ya kwanza ziwa lilipofungwa mwaka uliotangulia, kwa sababu wakati wa mitego na nyavu hakuna samaki mkubwa anayethubutu kukaa pale.

“Miaka arobaini napasua kuhe,” akasema. “Kuna msimu walikuwa wananiletea wengine wakubwa lakini wakondefu. Nikipasua, tumbo tupu, hata kidagaa kimoja hamna. Nikawa nawatukana wavuvi, nawaambia mmeniletea samaki mgonjwa. Kumbe alikuwa analea.”

Nikaondoa jicho kwenye kamera nimtazame, nikaona wanja umemchuruzika mpaka shavuni na yeye hana habari.

Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye pindo la kanga. Huo ni ugonjwa wa kazi, mkono haukuniuliza. Nilifungua fundo, nikatoa kadi, nikamwambia mama, ngoja nikuwekee picha, moja tu, ukae nayo hata maji yakichafuka. Nilikuwa nasema kweli, na nilikuwa nasema uongo pia. Niliitaka mwenyewe. Kwa miaka yote niliyofanya kazi hii sikuwahi kuitaka picha namna ile, mpaka meno yalikuwa yananiuma.

Akafunika mkono wangu na wake, mkavu, wenye harufu ya samaki.

“Ikiingia kwenye simu moja, watu watalijua jiwe hili. Kesho asubuhi kuna wavu hapa.”

Nilijua ni kweli. Nawajua watu wetu, kila jiwe la ufuko huu lina mtu anayelitambua, na ziwa kufungwa hakujawahi kumzuia mwenye njaa. Mimi ninayelala na nyuso za watu kwenye pindo la kanga nilihitaji kuambiwa na muuza samaki kwamba si kila kinachoonekana ni cha kupigwa picha. Niliona aibu ya kweli, ya kuwasha masikio. Nikaifunga kadi.

Halafu nikakumbuka harusi.

Nikamweleza yote, arubuni, mama wa bibi harusi, keshokutwa. Alisikiliza. Akauliza kama nimeleta pesa. Nikasema nimeleta. “Basi ni yako,” akasema, na kuivuta kanga yake chini ya kidevu kama mtu anayejiandaa kuondoka. Nikamuuliza hao watoto wamebakiza siku ngapi pale. Akasema kwa hesabu za mwaka uliopita ni tano au sita, kisha watahama kwenda kina kirefu na hatawaona tena. Alisema hivyo kama anavyotaja bei, bila kunitazama.

Nikajaribu kumfungulia kile kioo nimwachie, niondoke na kamera. Mchanga ulikuwa umeingia kwenye nyuzi zake za skrubu, hakikusogea hata nilipokishika kwa pindo la baibui na kukaza meno. Nikajaribu kutazama kwa macho yangu mwenyewe pale pale walipokuwa. Niliona mbingu na kichwa changu.

Angenibembeleza ningeichukua. Najijua, ukinibembeleza nakuwa mkaidi. Angelia ningeichukua pia, maana watu wanaolia mbele yangu kwa sababu ya vitu vyangu wananichosha. Alilala tu juu ya jiwe lake, akitazama maji meupe ambayo bila kamera hayakuwa na kitu. Nilikaa na kamera shingoni, arubuni kifuani, kodi ya nyumba kichwani. Nikaona nikiondoka nayo nitapiga picha za bibi harusi siku nzima, na saa zile zile yule kuhe wa chini atakuwa anashuka na kupanda juu ya watoto wake bila mtu yeyote duniani wa kumshuhudia. Haikuwa sababu ya maana. Samaki hahitaji shahidi. Lakini mimi nilishindwa.

Nikauvua mkanda nikamvisha yeye.

Harusi ile ilinipita. Nilirudisha arubuni, nikasemwa vizuri na mama mzaa bibi harusi mbele ya wifi zake, akachukuliwa msichana mwenye simu nzuri aliyepiga picha zikafika mitandaoni kabla bibi harusi hajafika kwa mumewe. Mtaani wakasema nauza kamera mpaka harusi zinanipita. Ilikuwa kweli. Mume wangu nilimweleza kila kitu isipokuwa jiwe liko wapi. Akanitazama sana, akauliza kama kuhe hao ni wakubwa kiasi gani, nikamnunia siku mbili.

Asubuhi sita nilikwenda Katonga. Tulipokezana kamera. Watoto walikuwa wanakua, mama yao anakonda. Nilimwona mwenyewe, siku ya nne mgongo wake ulikuwa umekuwa mwembamba, na bado alishuka kila kivuli kilipopita. Siku ya sita kulikuwa na mchanga mtupu. Yule mama alitazama mahali pale kwa muda mrefu, akasema wameshakua, akakunja kanga yake akaenda kugeuza magunia.

Ziwa lilipofunguliwa nilikwenda kununua. Ufuko mzima ulikuwa na kelele, mitumbwi inashushwa, watu wanacheka kwa njaa ya miezi mitatu. Akaniuzia, bei ile ile, na safari hii nikamuuliza kwa nini hajawahi kuongeza hata kidogo. Akaniangalia kama mtu mjinga. “Faida nimeshakula,” akasema. “Si ulikuwepo?”

Mwaka huu mambo yangu yalikuwa mazuri. Harusi zilifuatana, nikalipa kodi ya studio mapema, nikanunua mchele na mafuta ya mawese ya kutosha miezi yote mitatu. Sikuwa na shida hata moja. Siku chache kabla ya ziwa kufungwa nilichukua bodaboda nikaenda Katonga na kamera kwenye kitambaa chake.

Alinikagua kutoka kichwani mpaka miguuni. Akauliza kama maji yameingia tena. Hapana. Kuna mgonjwa? Hakuna. Sasa unauza kwa nini? Sikuwa na jibu ambalo ningeweza kulisema mbele ya watu wanaopakia dagaa, kwa hiyo nikasema siuzi, nimekuletea tu, chukua, ziwa likifunguliwa nitaifuata.

Hapo akakasirika.

“Ukinipa bure, asubuhi utakuwa unakuja kwenye jiwe kwa ruhusa yako. Nikinunua, utakuja kwa ruhusa yangu.”

Akataja bei, ndogo kuliko miaka yote. Nikalalamika. Akasema ile nyingine ilikuwa bei ya mtu mwenye shida, na mimi sina shida. Nikaipokea. Kisha nikamwomba ruhusa, kwa heshima zote, kama mtu anayeposa. Akarudi kwenye ufagio wake, akageuza dagaa safu nzima, ndipo akasema nije, simu niiache nyumbani.

Siku kumi na moja tumelala juu ya lile jiwe tukitazama mchanga mtupu. Nilikuwa naogopa kumuuliza kama wale wawili walikufa, kama ndio waliopasuliwa sokoni wakati mitumbwi iliporudi ziwani, kama ni yeye aliyewapasua. Leo asubuhi alitazama muda mrefu kuliko kawaida. Nikasikia pumzi yake imesimama. Halafu, yeye ambaye ni mnunuzi, mwenye mali na mwenye ruhusa, akaivua kamera shingoni kabla hajatosheka akanipa.

Mpira ulikuwa bado na joto la jicho lake. Nikatazama.